Jinsi ya Kuunda Droni Mseto ya Uangalizi Isiyosikika Ardhini

Anayetaka droni ya uangalizi ikae angani kwa saa nyingi bila kusikika anakabiliwa na mahitaji mawili yanayokinzana. Betri ya lithiamu ni tulivu, lakini kilo moja hubeba takriban wati-saa 150 hadi 250, ilhali kilo moja ya petroli hubeba takriban 12,000. Mfumo mseto huyapatanisha: injini huifikisha droni kwenye eneo la kazi, kisha huzimwa, na mota ya umeme ikaendelea peke yake wakati kamera inatazama. XRQ-73, ndege isiyo na rubani iliyotangazwa mwaka 2024 na DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, imejengwa juu ya wazo hilo.

Hata hivyo, usianze na injini. Anza na umbo la ndege, kwa sababu kila wati inayohitajika kuibeba hewani italipiwa kwa kelele na kwa uzito wa betri. Chagua ndege ya mabawa marefu na membamba badala ya droni ya rafadha (propela) nne, kisha punguza uzito na ulainishe kila kitu kinachochomoza, kuanzia antena hadi miguu ya kutulia. Ndege nyepesi yenye eneo kubwa la bawa huweza kuruka polepole, na mwendo wa polepole huhitaji msukumo mdogo.

Ukishajua nguvu ya kuruka, piga hesabu. Tuseme ndege inahitaji wati 500 na unataka nusu saa ya ukimya. Hizo ni wati-saa 250. Ukiacha akiba ya asilimia 20, betri ya wati-saa 200 kwa kilo itakuwa na uzito wa takriban kilo 1.6. Safari ya saa sita kwa nguvu hiyohiyo inahitaji wati-saa 3,000, ambazo kwa betri zingekuwa kilo 15. Kwa petroli, hata kama ni asilimia 15 tu ya nishati inayofika kwenye rafadha, zinatosha takriban kilo 1.7 za mafuta, ukiongeza uzito wa injini na jenereta.

Sasa amua mpangilio. Katika mpangilio wa mfululizo, injini huzungusha jenereta tu na mota ndiyo inayozungusha rafadha; nishati kidogo hupotea njiani, lakini injini hufanya kazi kwa mzunguko mmoja thabiti, na unaweza kuifunga popote ndani ya kiwiliwili. Katika mpangilio sambamba, injini na mota hushirikiana mhimili mmoja kupitia klachi. Upotevu hupungua, ila rafadha inalazimika kuikubali kasi ya injini. Kwa kazi ya ukimya napendelea mfululizo, kwa sababu unaniachia uhuru wa kuchagua rafadha.

Na rafadha ndiyo yenye uamuzi wa mwisho. Injini ikishazimwa, sauti kubwa inayobaki ni yake. Nguvu ya sauti hiyo hupanda takriban kwa kipeo cha tano au cha sita cha kasi ya ncha za mapanga yake, kwa hiyo ukipunguza kasi hiyo kwa nusu unaweza kushusha kelele kwa desibeli 15 au zaidi. Tumia rafadha kubwa inayozunguka taratibu, na mota ya mzunguko mdogo iliyofungwa moja kwa moja bila gia, kwani gia zina mlio wake. Rafadha ya mapanga mawili yenye kipenyo cha nusu mita, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ina kasi ya ncha ya takriban mita 79 kwa sekunde na mlio mkuu wa hezi 100, ambao sikio la binadamu huusikia kwa shida zaidi kuliko mlio wa hezi 3,000. Usiiweke nyuma ya mkia au bawa, ambako kila panga litakata hewa iliyovurugika na kutoa mpigo unaotambulika upesi. Lockheed YO-3A, iliyotumiwa na jeshi la Marekani Vietnam kuanzia 1970, ilikuwa ya petroli tu, lakini ilizungusha rafadha kubwa polepole kwa mkanda na kupitisha moshi kwenye sailensa ndefu.

Kidhibiti cha mota nacho kichaguliwe kwa uangalifu: kinachotoa mkondo wa mawimbi laini hupunguza ule mluzi mwembamba unaosikika mbali. Injini ifungwe juu ya raba, na ujaribu kuiwasha tena hewani mara nyingi, katika eneo salama na kwa kibali cha mamlaka ya anga, kabla ya kuitegemea.

Mwishowe pima. Rekodi kwanza kelele ya mazingira ikiwa droni haipo, kisha ipitishe juu ya maikrofoni kwa urefu tofauti. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka takriban desibeli 6, lakini picha nayo hufifia. Usiridhike na namba moja ya desibeli. Chora mchanganuo wa sauti uone ni mlio gani unaojitokeza juu ya mazingira, kwa sababu huo ndio utakaokufichua. Na ikiwa unaangalia wanyama, kumbuka kwamba tembo husikia milio ya chini sana, hivyo droni iliyo kimya kwa binadamu inaweza kumshtua.