Kisanamu kipya usikisifie kwenye boksi, kipime mezani kwanza

Wadau, boksi likishuka Nyegezi hapa Mwanza na basi la Dar kila mtu anafanya kitu kilekile, anafungua palepale stendi, anapiga picha, anasema "aisee hii kali". Kali sawa, ila itacheza vipi? Sisi tuko wanne, tunacheza Warhammer 40,000 (gemu ya vita ya mezani, majeshi ya visanamu na dadu) kila Jumapili Kirumba sebuleni kwa jamaa mmoja, na tumeshaliwa hela sana kwa kununua kwa macho. Sa hivi kisanamu kipya kikifika nafuata utaratibu huu, na hesabu zote ni za toleo la 10 la sheria zake, lile la 2023.

Hatua ya 1: pima kitako

Kabla hata hujashika gundi chukua rula upime kitako, kile kiduara anachosimamia. Space Marine (askari wa gemu hii) wa zamani walikuwa na kitako cha milimita 25, wa sasa ni 32. Utasema milimita 7 ni nini bwana. Haya, wapange 10 wakigusana: wa zamani wanakupa mstari wa sentimita 25, wapya sentimita 32, karibu inchi 3 zaidi, na hapo kwenye karatasi ya sheria inaweza isibadilike namba hata moja. Faida yake ni kwamba unaziba njia kubwa zaidi, hasara ni kwamba kwenye kona ndogo hawajifichi wote, na mkianza kupigana mkono kwa mkono wale wa nyuma wanabaki watazamaji.

Hii niliijua kwa maumivu. Meza yetu ina mawe ya kweli tuliyookota Bwiru (Mwanza tukose vyote, mawe hatukosi) na kwa sheria yetu ya nyumbani jiwe halipandwi wala halipitiki. Kati ya mawe mawili makubwa kuna upenyo wa milimita 30, tunauita Kamanga, kama kile kivuko cha ziwani. Jeshi langu la zamani lilikuwa linavuka Kamanga fresh kabisa linatokea mgongoni kwa adui, ndo ulikuwa mchezo wangu huo miaka yote. Nikanunua wapya, raundi ya pili nawasogeza, wa kwanza kafika pale kagoma, namgeuza huku namgeuza kule hapiti, jamaa anacheka anasema "zungukia Busisi mzee, daraja si lipo". Nikazunguka kweli, raundi mbili nzima zimeishia njiani na gemu ina raundi 5 tu.

Hatua ya 2: unga, paka rangi

Hapa sikai sana. Plastiki ngumu inataka gundi ya plastiki maana inayeyusha pande mbili zikashikana, resini haiisikii gundi hiyo, tumia supaglu. Jaribu kuunganisha kavu kwanza. Na praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kupuliza usiipulize asubuhi ukiwa karibu na ziwa, hewa ina unyevu, mimi kikosi kizima kilitoka na chembechembe kama kimemwagiwa dona. Napuliza saa nane mchana jua likiwa kali.

Hatua ya 3: inama

Weka kisanamu nyuma ya jiwe afu inama mpaka jicho lako liwe usawa wa kichwa cha adui. Kwenye gemu hii ukiona sehemu yoyote ya kisanamu umemuona, kwa hiyo yule mchongaji aliyempa mkono juu na upanga umeelekea mbinguni kakuletea mtu mzuri wa picha na mbaya wa kujificha. Mweke na yule wa zamani sambamba, angalia nani kapotea nyuma ya jiwe na nani kichwa kinachungulia.

Hatua ya 4: hesabu kabla ya dadu

Mfano Terminator, wale Space Marine wenye deraya nzito. Chukua risasi 10 za nguvu 4, AP -1 (inashusha kinga kwa 1), damage 1 (kila inayopenya inatoa jeraha 1), mpigaji anapata kwa 3+, yaani dadu ikitoka 3 au zaidi. Zinazopata ni kama 6.7. Space Marine wa kawaida ana ugumu 4, hapo unajeruhi kwa 4+, kinga yake ya 3+ imeshuka kuwa 4+, mwisho wa yote umemtoa majeraha 1.7. Terminator ana ugumu 5, unajeruhi kwa 5+, kinga yake 2+ imeshuka 3+ tu, umemtoa 0.74. Yeye anavumilia majeraha 3 na wa kawaida 2, yaani wa kawaida mmoja unamwondoa kwa risasi kama 12, Terminator kama 40! Ukiishia hapo utauza hadi radio ununue boksi la pili.

Ila soma mstari wa OC, ile nguvu ya kushikilia alama, zile sehemu za mezani zinazokupa pointi za ushindi. Terminator ana 1, Intercessor (yule Space Marine wa kawaida) ana 2. Terminator 5 wakiwa wazima kabisa wamekaa kwenye alama, wakija Intercessor watatu tu wanaichukua, 6 kwa 5. Hafi, lakini hakushikii shamba. Pointi za bei yao (gharama ya kuwaingiza jeshini) zinabadilishwa mara kwa mara, angalia za sasa sio ulizozikariri.

Hatua ya 5: gemu tatu, na moja mpe mpinzani

Gemu ya kwanza cheza na jeshi lako lilelile, toa kikosi kimoja tu weka kipya, ukibadilisha vitatu hutojua nani kakushindisha. Ya pili rudia. Ya tatu mpe mpinzani akichezee yeye, na hii watu wengi wanairuka kwa sababu ya wivu wa rangi zao. Mimi nilimpa jamaa yangu fundi simu Terminator wangu, hakuwapeleka kwenye alama hata mara moja, kawaweka katikati ya meza kama mlango wa chuma, watu wake wa kawaida nyuma wanakusanya pointi za ushindi taratibu. Nilipiga dadu mpaka mkono ukachoka, nimeua wawili. Alinipiga 70 kwa 45 na visanamu vyangu mwenyewe, afu akaniuliza nauza bei gani.

Siuzi.