Kabla uweke samaki kwa tangi la mabati
Kama unajenga ile sistim ya samaki na mboga hapo kwa uwanja na umeshanunua tangi la mabati Kamukunji, usikimbilie kumwaga maji na tilapia. Mabati yamepakwa zinki, na bakteria wakigeuza uchafu wa samaki kuwa mbolea ya mboga maji yanazidi kuwa na asidi pole pole, hio asidi inakula zinki inaingia kwa maji na samaki wanakufa. Usingoje sukuma ikuonye, haitakwambia kitu.

Mimi naonelea utandike ile nailoni nzito nyeusi ya mabwawa, kipande kimoja bila kuunga, na chini uweke gunia kuukuu ndio mahali palipochomelewa pasiitoboe. Ukitaka kupaka badala ya kutandika, tafuta rangi ya epoksi ya matangi ya maji ya kunywa, piga msasa mpaka kutu iishe, paka mara mbili, halafu ngoja ikauke kabisa vile mkebe umesema (hapa ndio wengi hukosa subira, hasa Julai na hii baridi yetu). Jaza maji, mwaga, jaza tena, ndio uweke samaki. Usipake lami ya paa kwa tangi, hio wachia paa.