Jinsi ya kuanza kuuza vifaa na huduma kwa ndege za mizigo za jeshi ukiwa na kampuni ndogo

Wakuu, kuna watu wengi wenye kampuni ndogo za usafirishaji, uwakala wa forodha na spea wanaoulizia namna ya kuingia kwenye biashara ya ndege za mizigo za jeshi, yaani C-130 zinazotua Entebbe na Djibouti, C-27J za jeshi la anga la Kenya, na ndege zinazohudumia misheni za UN. Na karibu kila anayeuliza anataka aanze na spea za injini kwa sababu kasikia huko ndo kwenye hela. Mimi nakushauri anzia chini, kwenye lami, yaani vitu na huduma za pale ndege inapoegeshwa na kupakiwa, spea ziache mpaka utakapokuwa na uwezo wa kuonyesha kila mkono uliopitia.

Sababu ni hii. Mwaka 2012 kamati ya majeshi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu vifaa feki vya elektroniki vilivyoingia kwenye zana za jeshi lao, na kesi mojawapo ilihusu skrini za chumba cha rubani kwenye C-130J na C-27J, zile zinazomwonyesha rubani hali ya injini, mafuta na mahali alipo. Ndani yake kulikutwa chipu za kumbukumbu zenye jina la Samsung ambazo zilitokea kwa muuzaji wa Shenzhen, zikauzwa kwa mtu wa kati, zikafika kwa mtengenezaji wa skrini, na kilichowashtua ni kwamba kwenye majaribio zilianza kuharibika kwa 27% wakati kabla ya hapo ilikuwa 8.5%. Skrini ya hivyo inaweza kuzimika rubani akiwa angani. Tangu hapo mnunuzi yeyote mwenye akili haangalii tena boksi limefungwaje, anauliza ulinunua kwa nani, na huyo alinunua kwa nani, hadi mtengenezaji.

Kwa hiyo kama siku moja utauza spea, jua kwamba karatasi ni nusu ya bidhaa. Utaombwa cheti cha mtengenezaji kinachosema kifaa kinalingana na maelezo, utaombwa fomu ya FAA 8130-3 (ya mamlaka ya anga ya Marekani) au EASA Form 1 (ya Ulaya) zinazothibitisha kifaa kinafaa kufungwa kwenye ndege, na wanunuzi wakubwa watakuuliza kama kampuni yako ina AS9120, ambayo ndo standadi ya wasambazaji wa vifaa vya ndege. Ikikosekana karatasi moja katikati, hicho kifaa hata king'ae vipi hakifungwi kwenye ndege, na mzigo wote umekula kwako. Kuna watu wanaletewa dili za spea za C-130 kwa bei ya kutupa bila karatasi, aisee usiguse, kuna roho za watu mle ndani.

Sasa tuje chini. Kitu cha kwanza kukijua ni paleti, ile inaitwa 463L, maana karibu kila mzigo unaopanda ndege hizi unakaa juu yake. Ni bapa la aluminiamu lenye mti wa balsa katikati, inchi 88 kwa 108, unene inchi 2 na robo, pembeni ina pete 22 za kufungia. Tupu ina uzito wa kilo 131 hivi, ukiongeza nyavu zake tatu, mbili za pembeni na moja ya juu, inafika kilo 161, na inabeba hadi kilo 4,536. Jumlisha uone, hiyo ni karibu tani 4.7, maana yake foklifti ya tani tatu uliyo nayo stoo haifai kabisa, unahitaji kubwa na yenye meno marefu. Wengi wanaandika kwenye ofa kwamba wana foklifti bila kutaja inabeba kiasi gani, na hapo hapo ofa inawekwa pembeni.

Paleti hii haipendi maji. Ngozi ya aluminiamu ikitoboka, maji yakaingia kwenye balsa, mti unaoza, ngozi inaachana na kilichomo ndani na paleti haifai tena. Ndo maana hairuhusiwi kulala chini moja kwa moja, inalazwa juu ya vipande vitatu vya mbao vya inchi 4 kwa 4, urefu inchi 88. Umeona nafasi hapo? Hizo mbao zinahitajika kila mahali ndege zinapopakiwa, zinapotea na kuvunjika kila siku, na mtu mwenye kiwanda cha mbao Iringa au Eldoret anaweza kuzikata. Sharti ni moja kubwa: mbao ikivuka mpaka na mzigo inatakiwa iwe na muhuri wa ISPM 15, alama ya kimataifa kwamba mbao imetibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa joto mpaka katikati ya mti ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo. Tafuta mwenye tanuru lililoidhinishwa na mamlaka ya afya ya mimea, muhuri uonekane kwenye kila kipande, na kwenye ofa yako weka picha ya muhuri. Ukiongeza matarubai ya plastiki ya kufunika mzigo na eneo kavu la kuhifadhia paleti, tayari una biashara inayoeleweka na hakuna mtu wa kukuuliza fomu ya FAA.

Ngazi inayofuata ni huduma za uwanjani. Ndege ikitua inataka umeme, mafuta, maji, choo kimwagwe, chakula, usafiri na hoteli ya wahudumu wa ndege. Umeme wa C-130 ni volti 115/200 za hezi 400, wa mtaani kwetu ni hezi 50, kwa hiyo jenereta lako la kawaida halifai, inabidi iwe mashine ya ndege kabisa. Kwenye mafuta wengi wanajichanganya: jeshi linaomba F-34, boza la uwanjani lina Jet A-1. F-34 ni hiyo hiyo Jet A-1 ila imeongezewa dawa ya kuzuia barafu, ya kulinda kutu na kulainisha, na ya kupunguza umeme tuli. Usiseme unayo wakati huna, andika wazi kwamba kilichopo ni Jet A-1 na rubani ataamua, kwa sababu wengi wanaipokea lakini lazima wajue.

Na kibali, hiki kinawaumbua wengi. Ndege ya jeshi kisheria ni ndege ya serikali, Mkataba wa Chicago wa 1944 ibara ya 3 inasema haipiti wala haitui nchi nyingine bila ruhusa maalum. Kibali cha kawaida unachowaombea wateja wa kiraia kule mamlaka ya usafiri wa anga hakitoshi, hiki kinapitia ubalozi na wizara ya mambo ya nje. Mteja akikuomba, muulize kwanza namba ya kibali cha kidiplomasia kabla hujapanga hata gari.

Kujisajili sasa. Kwa UN ingia UNGM, tovuti yao ya manunuzi, ni bure, chagua namba za makundi ya bidhaa zako kwa makini, usichague kila kitu, maana maombi ya bei yanakufuata kwa hizo namba. Ila elewa kwamba ndege zenyewe za kijeshi kwenye misheni zinatolewa na nchi wanachama kwa mkataba na UN, wewe unauza vitu vinavyoizunguka. Kwa Wamarekani, kwa mfano kambi yao ya Lemonnier pale Djibouti, anza na NCAGE, namba ya kuitambua kampuni kwenye mfumo wa NATO, yenye herufi na tarakimu tano, halafu ndo uende SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wauzaji, upate UEI, namba yao ya kuitambua kampuni. Jina na anwani viandike vilevile kwenye vyote viwili, hata nukta, vikitofautiana usajili unakwama. Vyote ni bure na SAM inahuishwa kila mwaka, akitokea mtu kwenye imeili anataka dola mia kadhaa za usajili huyo ni tapeli. Tanzania tenda za serikali ziko NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, Kenya fuatilia tovuti ya wizara ya ulinzi, na kama ni kampuni ya vijana, akina mama au watu wenye ulemavu, chukua cheti cha AGPO, kinachofungua ile 30% ya manunuzi ya serikali iliyotengewa makundi hayo.

Ukipata ombi la bei utakuta namba ya tarakimu 13, hiyo ni NSN, namba ya NATO ya kutambua kifaa. Nne za kwanza ni kundi la kifaa, 1670 kwa mfano ndo kundi la vifaa vya kufungia mizigo ya ndege, mbili zinazofuata ni nchi iliyokipa namba. Toa bei ya namba hiyo hiyo. Ukiwa na kinachofanana, sema ni mbadala na ambatisha maelezo yake, usikipenyeze kimya kimya.

Hela inachelewa. Muda wa kawaida ni siku 30 baada ya kupokea mzigo na invoisi iliyo sahihi, na invoisi ikikosewa namba ya oda unaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo usichukue oda ambayo mtaji wako hauwezi kuibeba miezi miwili, fungua akaunti ya dola yenye jina lilelile la kampuni, na siku ya kukabidhi mzigo usiondoke uwanjani bila sahihi, jina na tarehe kwenye delivari noti.