Kuongeza volti ya seli ya jua kwa kuvika elektrodi tabaka la molekuli
Katika seli za jua za perovskiti (fuwele inayofyonza mwanga), sehemu kubwa ya volti hupotea pale perovskiti inapogusana na elektrodi, kwa kuwa elektroni na mashimo (nafasi zenye chaji chanya zinazoachwa na elektroni) hukutana hapo na kufutana kabla ya kufika kwenye waya. Tiba mojawapo ni kuvika elektrodi 2PACz, molekuli ya kabazoli (kiungo cha kikaboni chenye pete) yenye mkia wa asidi ya fosfoniki, ambao hushikamana na upako wa oksidi ya indiamu na bati ulio juu ya kioo, ambao ndio elektrodi, na kujipanga katika tabaka lenye unene wa takriban nanomita moja.

Kazi yote hutegemea usafi. Osha kioo kwa sabuni, asetoni na alkoholi, kisha kiweke chini ya mwanga wa urujuanimno wenye ozoni kwa dakika 15, mahali penye hewa ya kutosha. Ukidondosha tone la maji juu yake likatandaa lote, kioo ni safi; endelea mara moja, maana uchafu wa hewani hurudi upesi.

Yeyusha miligramu 0.28 za 2PACz katika kila mililita ya ethanoli kavu, umwage myeyusho huo juu ya kioo, ukizungushe kwa kasi ya mizunguko 3000 kwa dakika kwa sekunde 30, kisha ukipashe kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwa dakika 10. Mimi hupendelea kusuuza kwa ethanoli baadaye, ili molekuli zisizoshika ziondoke. Tone la maji sasa litajikusanya badala ya kutandaa.

Seli ikikamilika, linganisha volti yake ya sakiti iliyo wazi (volti inayopimwa bila mkondo kupita) na ya seli isiyovikwa, iliyotengenezwa siku hiyo hiyo.