Ukipewa timu ya makanika wa meli za navy

Ukipewa vijana wa mekanika pale Mtongwe, kambi ya navy Mombasa, usianze na mamitingi, shuka nao injini rumu. Mgeni muweke na fundi mkongwe, yule anayejua beringi inaumwa kwa kuigusa tu, lakini spana ashike kijana, mzee asimame kando (hapo ndo shughuli, manake wazee wetu hawana subira). Kwa mfano kupanga shafti (zile za injini na propela zikae mstari mmoja), mwache afunge dayali geji, kile kipimo cha mshale, kwenye kaplingi, pale shafti zinapoungana, azungushe polepole, aandike namba mwenyewe, halafu arudie meli ikishaelea maana bodi ya meli hujipinda tofauti ikiwa juu ya slipwei, ule mteremko wa kuvutia meli nchi kavu, na ikiwa majini. Akikosea muulize kaonaje, usimfokee mbele ya wenzake. Ripoti ya kazi iandikwe siku hiyo hiyo. Na selfi humo ndani, hapana kabisa.