Dirisha jeusi, jeupe au lisilotokea kabisa: namna ya kulitafutia dawa katika OpenGL

Wengi wanaoanza michoro ya kompyuta hukwama kabla hata ya kuchora pembetatu ya kwanza. Dirisha linatokea jeusi, au linapauka na kuganda, au halitokei kabisa. Somo hili linatumia lugha ya C, OpenGL (amri za kuchora kwa kadi ya michoro) na GLFW, maktaba ya kufungua dirisha la kuchorea. Anayetumia SDL, maktaba nyingine ya kazi hiyo, atabadilisha amri, lakini mpangilio kwa jumla ni uleule.

Shika jambo moja kwanza: dirisha lina wenyewe wawili. Ukingo wa nje, upau wa jina na kitufe cha kufungia ni vya mfumo endeshi. Eneo la ndani ni lako, na hakuna atakayekupakia rangi humo. Naumia nikiona vijana wakikesha kurekebisha sheda (programu ndogo inayoendeshwa kwenye kadi ya michoro) ilhali kosa liko upande wa pili. Jua kwanza tatizo ni la nani.

Hatua ya 1: Iache programu iseme

Endesha programu kutoka terminali, usibofye ikoni yake. Ita glfwSetErrorCallback, uipe funksheni ya kuchapisha makosa, kabla ya glfwInit, kisha angalia kama glfwCreateWindow imerudisha NULL. Bila hayo, programu itafunga kimya nawe utabaki kukisia.

Hapa Nairobi hatua hii ina uzito wa pekee. Wengi wetu tunajifunzia kwenye laptopu za ex-UK (mitumba kutoka Uingereza), zile zinazouzwa Moi Avenue na vichochoro vya jirani. Ni mashine imara, lakini soma vizuri jina la prosesa. Core i5 ya kizazi cha 2, kwa mfano i5-2520M, ina kadi ya michoro ya Intel HD 3000, na draiva yake ya Windows inaishia OpenGL 3.1. Masomo mengi ya mtandaoni huomba 3.3. GLFW ikiomba kisichokuwepo, dirisha haliundwi. Ajabu ni kwamba mashine hiyohiyo ukiiwekea Linux, draiva huria za Mesa zinakupa 3.3 kamili. Kwa hiyo usikimbilie kuuza laptopu. Weka Linux, au shuka hadi 3.1. Ukishuka, ondoa pia ombi la "core profile" (OpenGL isiyo na amri za kizamani), kwa sababu mgawanyo huo unaanzia 3.2 na GLFW itakataa. Kizazi cha 3 chenye HD 4000 hakina shida hii.

Kama fundi amekuwekea Windows upya, ondoa maombi yote ya toleo kisha chapisha glGetString ya GL_RENDERER na ya GL_VERSION. Ukiona "GDI Generic" na toleo 1.1, draiva ya kadi haijawekwa. Tafuta draiva ya modeli yako kwanza, msimbo utausubirisha.

Hatua ya 2: Paka rangi isiyo nyeusi

OpenGL husafisha eneo kwa rangi nyeusi usipoiambia vingine, kwa hiyo dirisha jeusi halikuambii lolote. Weka rangi ya chungwa, uondoe kila kitu kingine:

```
while (!glfwWindowShouldClose(dirisha)) {
    int upana, kimo;
    glfwGetFramebufferSize(dirisha, &upana, &kimo);
    glViewport(0, 0, upana, kimo);
    glClearColor(0.9f, 0.4f, 0.1f, 1.0f);
    glClear(GL_COLOR_BUFFER_BIT);
    glfwSwapBuffers(dirisha);
    glfwPollEvents();
}
```

Ukiona chungwa, dirisha, konteksti (hali ya OpenGL iliyofungamana na dirisha) na bafa (kumbukumbu inayoshika picha) vyote viko sawa. Kosa liko kwenye uchoraji wako. Usipoiona, kagua mambo matatu: umeita glfwMakeContextCurrent? Umepakia amri za OpenGL, kwa maktaba ya glad au nyingine, baada ya hapo na si kabla? Na je, glfwSwapBuffers imo ndani ya lupu, yaani ule mzunguko wa while? Unachora kwenye bafa ya nyuma, na bila amri hiyo ya mwisho picha haifiki mbele.

Hatua ya 3: Dirisha lililopauka na kuganda

Huu ni upande wa mfumo endeshi. Programu isipochukua ujumbe wa mfumo (kama wa kipanya na kibodi) kwa sekunde 5, Windows huihesabu kuwa haiitikii, hulipausha dirisha na kuandika "Not Responding" juu yake. Mara nyingi chanzo ni kupakia picha au modeli kubwa kabla ya lupu kuanza. Pakia kipande kimoja kimoja huku ukiita glfwPollEvents katikati, au soma faili kwenye uzi (thread) mwingine. Lakini amri za OpenGL zibaki kwenye uzi wenye konteksti, na glfwPollEvents ibaki kwenye uzi mkuu.

Hatua ya 4: Picha ndogo, au yenye ukungu

Ukubwa wa dirisha na idadi ya pikseli si kitu kimoja. Kwenye Mac yenye skrini ya Retina, dirisha la 800 kwa 600 lina pikseli 1600 kwa 1200. Ukimpa glViewport ukubwa wa dirisha, mchoro utajibana robo ya chini kushoto. Ndiyo maana msimbo wa juu unauliza framebuffer, yaani idadi halisi ya pikseli. Kwenye Windows iliyokuzwa 125% au 150%, programu isiyojitangaza kuwa inaelewa ukuzaji huo huvutwa kama picha na kupata ukungu. GLFW hujitangaza yenyewe. Anayeandika kwa amri za Windows zenyewe (Win32), bila maktaba, atangaze kwenye manifesti, faili la maelezo ya programu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Githurai: Mwalimu, nimeshuka hadi 3.1 na chungwa naiona, lakini sheda inakataa kukompailiwa.*

Hongera kwa chungwa. Mstari wa kwanza wa sheda uandike `#version 140`, si 330. Kisha ondoa `layout(location = 0)`, maana toleo hilo haliijui kwa data za vipeo (pembe za umbo). Badala yake ita glBindAttribLocation kabla ya kuunganisha programu ya sheda.

*Mwanachama wa Rongai: Niko Ubuntu. Hakuna kosa linalochapishwa na programu inaendelea, ila dirisha halipo kabisa.*

Hiyo ni Wayland, ndugu yangu, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Huko dirisha halionyeshwi mpaka likabidhiwe bafa yake ya kwanza. Ukiunda dirisha kisha ukasubiri bila kuita glfwSwapBuffers, hutaona kitu. Chora fremu moja mara tu baada ya kuliunda. GLFW 3.4 ya mwaka 2024 hutumia Wayland yenyewe ikiikuta, kwa hiyo msimbo uliofanya kazi zamani unaweza kubadilika tabia. Na usishangae glfwSetWindowPos ikikataa. Wayland hairuhusu programu kujichagulia mahali pa kukaa.

*Mwanachama wa Umoja: Chungwa ipo, pembetatu haipo.*

Dada, soma kwanza ujumbe wa kosa la sheda kwa glGetShaderInfoLog. Kisha hakikisha umeunganisha VAO (kitu kinachokumbuka mpangilio wa data za vipeo) kwa glBindVertexArray, maana bila hiyo "core profile" haichori. Kama umewasha GL_DEPTH_TEST, safisha na bafa ya kina (umbali wa kila pikseli) pia. Mwisho zima GL_CULL_FACE, inayoficha upande wa nyuma wa umbo. Pembetatu ikitokea, vipeo vyako vimepangwa kinyume.

*Mwanachama wa Kahawa West: Nikishika upau wa jina kwenye Windows, mchezo wangu unasimama mpaka niachilie.*

Ukishika upau huo, Windows huingia kwenye lupu yake ya kuhamisha dirisha, na glfwPollEvents hairudi hadi umalize. Kwa kubadilisha ukubwa, chora ndani ya kolbaki (funksheni ambayo GLFW huiita yenyewe) ya glfwSetWindowRefreshCallback. Ila ukishika upau bila kusogeza kipanya, kolbaki haiitwi. Ukitaka mchezo usisimame kabisa, hamishia uchoraji kwenye uzi wake wenye konteksti, na uzi mkuu ushughulike na ujumbe tu.