Kabla ya Mazoezi: Unga Wenye Kafeini au Usio Nayo

Unga wa kabla ya mazoezi, ule unaokorogwa kwa maji na kunywewa ili kuongeza nguvu, huuzwa kwa kopo, wenye kafeini au usio nayo. Ukichagua, anza na saa ya kulala, kopo litafuata. Kafeini ikishamezwa hufika kilele chake katika damu baada ya dakika 30 hadi 60, kisha hushuka taratibu. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu yake bado ipo baada ya saa tano hivi. Anayekunywa miligramu 200 saa 12 jioni ili akanyanyue vyuma anabaki na 100 mwilini saa 5 usiku, na 50 saa 10 alfajiri. Ile 100 ya saa 5 ni kikombe kizima cha kahawa, na hakuna anayeteremsha kikombe cha kahawa akiwa ameshajifunika shuka.

Wengi hujitetea kwamba wao wanalala tu. Kulala wanalala, kinachokatwa ni usingizi mzito, na huo mtu hawezi kuupima kwa kuhisi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, miligramu 400 zilizomezwa muda wa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2023 ulikuwa mkali zaidi: dozi ya kama miligramu 217, ambayo ni ya kawaida katika unga wa kabla ya mazoezi, imezwe takriban muda wa saa 13 kabla ya kulala ili usingizi usipungue. Kwa anayelala saa 4 usiku, hapo ni saa 3 asubuhi. Si lazima uifuate hesabu hiyo kwa dakika. Kanuni inayofaa watu wengi ni hii: mazoezi ya alfajiri na asubuhi, kafeini inaruhusiwa; kuanzia saa 8 mchana, chukua unga usio nayo. Na Ramadhani, kwa anayefanya mazoezi baada ya tarawehe kisha anaamka kula daku, hapo hata mjadala hakuna.

Wapo ambao hata asubuhi wauache wenye kafeini: mwenye shinikizo la damu lisilotulia, mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, anayesumbuliwa na wasiwasi, na walio chini ya miaka 18. Mjamzito asivuke miligramu 200 kwa siku nzima, chai ikiwa ndani ya hesabu, kwa hiyo kopo la mazoezi halina nafasi kwake. Vidonge vya uzazi wa mpango huchelewesha mwili kuiondoa kafeini, karibu maradufu, na siprofloksasini, antibaiotiki inayoandikwa sana hospitalini, nayo huichelewesha. Ukiwa kwenye dozi hiyo, weka unga wenye kafeini kabatini mpaka umalize.

Sasa, kila kimoja kinafanya nini? Adenosini ni kemikali inayojikusanya kadiri unavyokaa macho na kuujulisha ubongo kwamba umechoka. Kafeini huikalia kiti chake. Uchovu uko palepale, ila taarifa haijafika. Ndiyo maana inasaidia siku hiyohiyo, kwa mkimbiaji na kwa mnyanyua vyuma. Kiasi kilichothibitika ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na baadhi ya watu hufaidika hata na 2. Mtu wa kilo 70 aanze kati ya 140 na 200. Ukifika 9 kwa kilo, mbio haziongezeki. Kinachoongezeka ni kutetemeka na safari za chooni. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, iliweka mwaka 2015 kiwango kisicho na wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya kuwa miligramu 200 kwa mkupuo na 400 kwa siku.

Unga usio na kafeini si ndugu dhaifu wa ule mwingine, ni bidhaa nyingine kabisa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Viungo vyake vikuu viwili, kreatini (huipa misuli nguvu ya haraka) na beta-alanini (huchelewesha misuli kuchoka), havina kazi ya siku hiyo. Kreatini huhitaji gramu 3 hadi 5 kila siku, hata siku ya mapumziko, mpaka misuli ijae, na ukiitumia kwa kipimo hicho inachukua wiki tatu hadi nne. Saa ya kuinywa haina uzito. Beta-alanini nayo ni gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku kwa muda wa wiki nne au zaidi, na inamfaa zaidi anayefanya kazi kali ya dakika moja hadi nne. Anayekunywa Jumatatu na Alhamisi tu, kisha analalamika kwamba unga haufanyi kazi, ajilaumu mwenyewe. Ule mwasho wa usoni na masikioni, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, unatokana na beta-alanini. Hauna madhara, wala si ushahidi kwamba unga umeanza kazi. Ukikukera, gawa dozi katika gramu 0.8 hadi 1.6 kwa mara moja.

Vinavyofanya kazi siku hiyo bila kafeini ni vichache. Sitrulini maleti, kiungo cha kusaidia damu ipite vizuri kwenye misuli, gramu 6 hadi 8, kiasi cha saa moja kabla. Matokeo ya tafiti zake yanapanda na kushuka, usitarajie miujiza. Naitreti ya bitiruti ina ushahidi mzuri zaidi kwa mbio na baiskeli: miligramu 300 hadi 500, muda wa saa mbili hadi tatu kabla. Siku hiyo usisukutue kwa dawa ya kuua vijidudu vya kinywa, maana bakteria wa ulimi ndio wanaoanza kuigeuza naitreti. Mkojo ukitoka mwekundu, usikimbilie zahanati.

Kwa sababu hizo, mwenye pesa ya kopo moja tu anunue lisilo na kafeini. Kafeini unaweza kuiongeza kutoka jikoni; ikishachanganywa kiwandani huwezi kuitoa. Kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya unga inayoyeyuka, gramu 2 hivi, kina takriban miligramu 60. Asubuhi unakoroga vijiko viwili, unapata kama 120, unakunywa na unga wako. Jioni unakunywa unga peke yake, na kreatini yako haijaruka siku.

Ukitaka wenye kafeini hata hivyo, hesabu kwanza siku yako yote. Kikombe cha chai ya rangi kina kama miligramu 40. Kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida kina 80 katika kopo la mililita 250, na chupa ya mililita 500 ya nguvu hiyohiyo ni 160. Chukua mtu aliyekunywa vikombe viwili vya chai asubuhi na chupa moja ya mililita 500 mchana: ana 240 kabla hajafungua kopo lake. Kijiko cha miligramu 250 kinampeleka 490. Na anayetafuna miraa asichanganye kabisa. Kathinoni, kichangamshi kilichomo ndani ya miraa, na kafeini zote zinapandisha mapigo ya moyo na shinikizo, na ukiongeza mazoezi juu yake unaupa moyo mizigo mitatu kwa wakati mmoja.

Dukani, geuza kopo usome nyuma. Picha ya mbele ni ya kuuzia. Tafuta miligramu za kafeini kwa kipimo kimoja, kisha angalia kipimo ni vijiko vingapi, kwa sababu makopo mengine huhesabu vijiko viwili kuwa kipimo kimoja. Guarana, yerba mate na dondoo ya chai ya kijani ni kafeini kwa majina mengine, na yakiandikwa pembeni ya "caffeine anhydrous", yaani kafeini kavu ya unga, basi inaongezeka juu yake. Ukikuta "proprietary blend", yaani mchanganyiko ambao mtengenezaji hataki kusema kila kiungo ni kiasi gani, rudisha rafuni.

Maandishi ya "caffeine free" nayo yana mtego. Yanamaanisha hakuna kafeini, hayamaanishi hakuna kichangamshi. Ndani unaweza kukuta yohimbini au sinefrini ya chungwa chungu, na hizo zinaweza kukufukuzia usingizi vilevile. Unachotafuta ni "stimulant free", yaani bila kichangamshi chochote, kisha uhakikishe kwenye orodha ya viungo. Kwa mwanariadha anayepimwa, kafeini yenyewe haina tatizo: mwaka 2004 ilitolewa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Hatari yake ni vitu kama methilihekzanamini, kichangamshi ambacho kimekatazwa siku za mashindano na hujificha pia kwa jina la DMAA au dondoo ya jeranio. Kikipatikana mwilini, mwenye mwili ndiye anayejibu, hata kama kopo halikukitaja. Chagua lenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, mipango inayopima bidhaa kutafuta vitu vilivyokatazwa, ulinganishe namba ya bechi kwenye tovuti yao, na utunze kopo pamoja na risiti.

Kupima ndiko kunakoharibika zaidi nyumbani. Kijiko cha plastiki hupima ujazo, wakati kafeini iko kwa uzito. Tuseme kipimo ni gramu 12 zenye miligramu 300, yaani 25 kwa kila gramu. Kijiko kilichojaa mlima kinaweza kubeba gramu 16, na hapo tayari umekunywa 400. Nunua mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Funga kopo, litikise na uligeuze mara kadhaa ili vilivyozama vichanganyike, weka kikombe juu ya mizani, irudishe sifuri, mimina. Anayetaka miligramu 150 anapima gramu 6. Mijini pwani, unyevu hugandisha unga kuwa mabonge, na kijiko chenye bonge hakipimi chochote: acha kile kipakiti cha kukausha ndani ya kopo, usichovye kijiko chenye maji, usiliweke kopo karibu na jiko.

Koroga katika maji mililita 250 hadi 300, unywe dakika 45 kabla ya mazoezi. Usibwie unga mkavu. Unaweza kukupalia ukaingia njia ya hewa, na kafeini yote hufika kwa mkupuo. Kafeini tupu inayouzwa kwa kilo usiiguse: shirika la chakula na dawa la Marekani, FDA, limeonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe 28 vya kahawa, na hakuna kijiko cha jikoni kinachoweza kupima kwa usalama kitu cha namna hiyo.

Siku ya kwanza, hata kama kopo linasema nini, tumia nusu ya kipimo, tena siku ya mazoezi mepesi, usingoje siku ya mbio. Mikono ikitetemeka au tumbo likivuruga, punguza robo siku nyingine. Kifua kikiuma, moyo ukirukaruka au ukiona giza, acha mazoezi na uende hospitali na kopo lako mkononi, daktari aone kilichomo.

Ukihama kutoka wenye kafeini kwenda usio nayo, usikate ghafla. Kichwa huanza kuuma kati ya saa 12 na 24 baada ya dozi ya mwisho na kinaweza kuendelea hadi siku tisa, na wengi hudhani ni unga mpya unaowadhuru. Punguza robo kila baada ya siku tatu au nne. Kama vijiko vya kopo la zamani vinakuchanganya, tumia mizani: gramu 12, kisha 9, kisha 6, kisha 3, na pengo lililobaki ulijaze kwa unga mpya.